Vikombe, Kisu na Sanduku: Historia ya Vifaa vya Mazingaombwe

Kwa karne nyingi vifaa vilevile vimetumika kuwachekesha watu, kuwaibia, na hata kuwatawala. Makala hii inafuatilia safari ya vifaa hivyo kutoka Roma ya kale hadi Damascus, London, Algiers, Pune na Afrika Mashariki, pamoja na watu walioamua kuzitoa siri zake hadharani ili kuokoa maisha.



Wengi waliosoma shule za msingi katika Afrika Mashariki wanaikumbuka siku ya mazingaombwe. Mgeni mmoja huwasili shuleni na begi lake, wanafunzi hutoa kiingilio, madirisha ya darasa hufungwa. Kisha mgeni huyo huvuta utepe mrefu kutoka kinywani, hukata kamba na kuiunga tena, hugeuza kipande cha gazeti kuwa noti. Watoto hurudi nyumbani wakibishana: je, mtu yule ni fundi au ni mchawi?

Swali hilo la watoto si dogo. Katika nchi nyingi na nyakati nyingi, jibu lake limeamua nani aishi na nani afe. Kiswahili chenyewe kinalibeba suala hili katika neno kiinimacho, kwani neno hilo linataja jicho, wala halitaji pepo. Linatuambia kwamba jambo lote linatendeka machoni pa mtazamaji. Hata hivyo, mfuko wa mwanamazingaombwe na mkoba wa tapeli anayejiita mtenda miujiza aghalabu huwa na vitu vilevile: uzi, nta, kitambaa, sumaku, kisu chenye mpini mtupu. Basi tofauti yao iko wapi?

VIKOMBE VITATU, VIPIRA VINNE

Miongoni mwa vifaa vikongwe kabisa vya sanaa hii ni vikombe na vipira. Katika karne ya 1, mwanafalsafa Seneca wa Roma, akimwandikia rafiki yake Lucilius, alivitaja vikombe na vijiwe vya wachezaji wa viinimacho kuwa mfano wa udanganyifu usiomdhuru mtu. Kwa maoni yake, raha yote ya mchezo huo imo katika kutojua. Mtu akishaelezwa jinsi unavyofanyika, hamu yake inatoweka.

Mchezo wenyewe haujabadilika sana tangu wakati huo. Mchezaji hupanga vikombe vitatu mezani kwa kuvifudikiza, na chini ya kila kimoja huweka kipira kidogo. Vipira hupotea, huhama, kisha vyote vitatu hukutwa chini ya kikombe kimoja. Mwishoni vikombe hufunuliwa, na badala ya vipira hutokea ndimu, viazi au hata vifaranga vilivyo hai.

Siri yake ya kwanza ni hesabu. Mtazamaji huhesabu vipira vitatu, kumbe mchezaji anavyo vinne, na kile cha nne hakionekani kamwe. Siri ya pili ni umbo la kikombe. Kitako chake kimebonyea kwa ndani, hivi kwamba vikombe vikipachikwa kimoja juu ya kingine hubaki nafasi ya kuficha kipira. Siri ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni mkono wenyewe: kukibana kipira katika kunjo la kiganja huku vidole vikionekana vimelegea kana kwamba havina kitu. Wanamazingaombwe wa leo, wawe wa kulipwa au wa kujifurahisha tu, bado huuchukulia mchezo huu kuwa mtihani wa ufundi wao.

Lakini tangu zamani mchezo huu umekuwa na kivuli chake. Katika mji wa Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, kuna picha mashuhuri inayohusishwa na mchoraji Hieronymus Bosch, aliyefariki mwaka 1516. Mchezaji wa vikombe amesimama nyuma ya meza yake ameshika kipira. Mtazamaji mmoja ameinama mbele kwa mshangao, na nyuma yake mtu mwingine, ambaye macho yake yako kwingine kabisa, anakichomoa kifuko chake cha fedha.

Wasafiri wa Afrika Mashariki waliokwenda Ulaya kwa meli walikutana na mchezo huo Misri. Katika bandari za Suez na Port Said, kwenye mfereji uliofunguliwa mwaka 1869, Wamisri walioitwa gali-gali walipanda melini na kuwachezea abiria vikombe kwa kutumia vifaranga badala ya vipira. Abiria alicheka, akatoa sarafu yake kwa hiari, na meli ikaendelea na safari.

Sasa linganisha na mchezo ambao Nairobi unajulikana kama pata potea, au ule wa karata tatu ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaufahamu vyema. Ufundi wa mkono ni uleule wa gali-gali. Lakini hapa mpita njia anaambiwa kwamba jicho lake linaweza kushinda, na wale wanaoshinda mbele yake ni washirika wa mchezaji. Mkono ni mmoja, ila yule wa melini alitangaza kwamba anacheza, na huyu wa kituo cha basi ameficha jambo hilo.

KIMA ALIYEKUWA MWANA WA MFALME

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kitabu kizima kuhusu tofauti hiyo alikuwa Mwarabu wa Damascus, al-Jawbari. Aliishi katika karne ya 13 na akasafiri katika miji mingi ya Kiislamu. Alikiandika kitabu chake kwa ajili ya Rukn al-Din Mawdud wa ukoo wa Artuqid, aliyetawala kati ya mwaka 1222 na 1232 katika mji ambao leo ni Diyarbakir, nchini Uturuki. Jina la kitabu linazungumzia kufichuliwa kwa siri, na sura zake 30 zinapita katika kila aina ya utapeli: manabii wa uongo, watafuta hazina, waganga, wanajimu na wanaojidai kugeuza shaba kuwa dhahabu. Tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 2020.

Kisa chake kimoja kinastahili kusimuliwa. Siku ya Ijumaa, katika mji wa Harran, anaingia msikitini kima aliyevikwa nguo za kifalme na kutiwa manukato, akifuatana na watumishi. Anawaamkia watu kwa ishara. Anatandikiwa mswala, anapiga mswaki, anafuata matendo ya sala, kisha anafunika uso kwa leso na kulia. Mtumishi wake anasimama na kuwaeleza waumini kwamba huyu si mnyama. Ni mtoto wa mfalme wa India ambaye mkewe, kwa wivu, amemroga, na mwanamke huyo anadai fedha nyingi mno ndipo amrudishe katika umbo lake. Sehemu imekwisha kupatikana. Nani atachangia iliyobaki? Kima anazidi kulia, na watu wanafungua mifuko yao.

Al-Jawbari anaonyesha kwamba kifaa katika mchezo huo ni mnyama aliyefundishwa kwa muda mrefu. Katika sura nyingine anawaeleza watu waliojidai kutoa wadudu katika meno ya wagonjwa, ilhali mdudu alikuwa tayari mkononi kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Msikilizaji aliyewahi kuona msumari au mfupa ukitolewa mwilini mwa mgonjwa ataitambua hila hiyo mara moja, ingawa imepita miaka 800.

MKULIMA WA KENT NA KISU CHENYE MPINI MTUPU

Zaidi ya miaka 350 baadaye, huko Uingereza, suala halikuwa tena la fedha tu. Wanawake, hasa wazee na maskini, walikuwa wakishtakiwa kwa uchawi na kunyongwa. Mwaka 1582, katika kijiji cha St Osyth, jimbo la Essex, mkunga aitwaye Ursula Kemp alikuwa miongoni mwa waliouawa kwa hukumu ya mahakama.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1584, kikatoka kitabu kinene kiitwacho The Discoverie of Witchcraft. Mwandishi wake, Reginald Scot, hakuwa kasisi wala hakimu. Alikuwa mtu wa shamba kutoka Kent, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1574 kuhusu kilimo cha hops, mmea unaotiwa katika bia. Scot alisema kwamba wanawake wale hawakuwa na nguvu zozote za kishetani, na kwamba maungamo yao yalitokana na hofu, maradhi na mateso.

Lakini angewezaje kuwashawishi watu waliokwisha kuona mambo ya ajabu kwa macho yao wenyewe? Scot aliamua kuwaonyesha jinsi mambo hayo yanavyofanyika. Alijifunza kwa wachezaji wa viinimacho, na anamtaja mmoja wao, Mfaransa aitwaye John Cautares, aliyeishi London na kujipatia riziki kwa kazi ya mikono. Kisha akaeleza, pamoja na michoro, siri za vipira, sarafu, karata, kamba na visu.

Anaeleza kisu ambacho kinaonekana kuzama mwilini, kumbe mpini wake ni mtupu na ubao wake hurudi ndani. Anaeleza kisu kingine kilichopindwa katikati kama upinde, ili kiuzunguke ulimi na kuonekana kimeutoboa. Anaeleza pia mchezo wa kutisha uliopewa jina la kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Meza ina matundu mawili. Kijana mmoja hulala juu yake na kuingiza kichwa chake katika tundu moja, kisionekane. Wa pili huketi chini ya meza na kukitokeza kichwa chake katika tundu la pili, lililozungukwa na sahani. Watazamaji huona kiwiliwili upande mmoja na kichwa upande mwingine, kichwa kinachopepesa macho. Moshi wa kiberiti huufanya uso huo uonekane umepauka kama wa maiti.

Scot hakuficha kwamba kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Anasimulia habari za mchezaji mmoja aliyezoea kujichoma kisu tumboni, huku amejikinga kwa bamba lililofichwa chini ya nguo. Siku moja, akiwa amelewa katika kilabu cha pombe mtaa wa Cheapside, alisahau kulivaa bamba lake. Alijichoma kweli, akatoka nje, akafa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Paulo.

Jambo jingine linaloonyesha uungwana wake ni kwamba aliomba radhi. Alisikitika kwamba kwa kuzitoa siri hizo atawaharibia riziki watu maskini wanaozitegemea. Aliuheshimu ufundi wao, mradi wao wenyewe wakiri kwamba ni ufundi. Lakini katika mizani aliyoishika, riziki ya mchezaji ilikuwa upande mmoja na shingo ya mwanamke asiye na hatia ilikuwa upande wa pili.

Hakusikilizwa haraka. Mwaka 1597 Mfalme James wa Scotland alichapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu elimu ya mashetani, akampinga Scot kwa jina. Mwaka 1604, baada ya James kukikalia pia kiti cha enzi cha Uingereza, ilipitishwa sheria mpya kali dhidi ya uchawi. Ilipita zaidi ya karne moja kabla sheria hiyo kufutwa. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1736 iligeuza jambo hilo juu chini: kosa halikuwa tena kuwa mchawi, bali kujidai kuwa na nguvu za uchawi. Wakati huohuo kitabu cha Scot kilikuwa kimepata wasomaji asiowatarajia. Kurasa alizoandika ili kuwaokoa wanawake zilinakiliwa katika vitabu vya kufundishia mazingaombwe kwa vizazi kadhaa.

SANDUKU LILILOMSHINDA MTU MWENYE NGUVU

Iwapo Scot alizifungua siri ili kuwapunguzia watu hofu, historia ina mfano wa serikali iliyozifunga ili kuiongeza.

Jean-Eugène Robert-Houdin alizaliwa mwaka 1805 katika mji wa Blois nchini Ufaransa, akajifunza ufundi wa saa. Mwaka 1845 alifungua ukumbi wake mdogo jijini Paris. Badala ya majoho yenye nyota alivaa suti ya jioni kama wageni wake, na wengi wanamhesabu kuwa baba wa mazingaombwe ya kisasa. Vifaa vyake vilitegemea magurudumu ya saa na umeme, elimu ambayo watu wengi walikuwa hawajaizoea. Kimoja kilikuwa sanduku dogo ambalo mara huinuliwa na mtoto, mara humshinda mtu mwenye nguvu. Chini ya jukwaa palifichwa sumaku ya umeme, na kitako cha sanduku kilikuwa cha chuma.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimwomba aende Algeria, nchi iliyovamiwa na Wafaransa mwaka 1830. Watawala waliamini kwamba viongozi wa kidini, wale walioitwa marabuti, walikuwa wakiwachochea watu waasi kwa kuwaonyesha karama. Robert-Houdin alitakiwa kuthibitisha kwamba karama za Mfaransa zina nguvu zaidi.

Tunayoyajua kuhusu maonyesho hayo ya mjini Algiers yanatoka zaidi katika kumbukumbu alizoandika mwenyewe, na hatuna budi kuyapokea kwa tahadhari, kwani Waalgeria waliokuwa ukumbini hawakuulizwa. Anasimulia kwamba alimwita jukwaani mwanamume mwenye misuli, akamwambia ainue sanduku, naye akaliinua kwa urahisi. Kisha akatangaza kwamba amemnyang'anya nguvu zake. Sumaku ikawashwa, na mtu yule akalivuta sanduku bila kulitikisa. Hatimaye mkondo wa umeme ukapitishwa katika mpini, akapiga ukelele, akaukimbia ukumbi huku amejifunika uso kwa joho lake.

Ule haukuwa tena mchezo. Mtu yule hakuambiwa kwamba anacheza. Aliitwa mbele ya watu wake ili aaibishwe, na kifaa cha burudani kikafanywa silaha ya utawala. Je, ilifaa kitu? Mwaka uliofuata, 1857, jeshi la Ufaransa lilipigana vita vikali katika milima ya Kabylia. Mwaka 1871 Sheikh Mokrani aliongoza uasi mkubwa dhidi ya Wafaransa. Robert-Houdin alifariki mwezi Juni mwaka huohuo, uasi ukiwa bado haujazimwa. Waalgeria walijipatia uhuru wao mwaka 1962.

RISASI NA MSUMENO

Katika safari hiyohiyo Robert-Houdin alionyesha pia mchezo wa kudaka risasi, ambao miongoni mwa michezo yote ndio umeua wachezaji wengi. Kwa kawaida risasi ya kweli hubadilishwa kwa siri kabla bunduki haijafyatuliwa, au bunduki yenyewe hutengenezwa isiweze kuitoa.

Mwanamazingaombwe aliyejiita Chung Ling Soo alitumia njia hiyo ya pili. Alijionyesha kama Mchina asiyejua Kiingereza, kumbe alikuwa Mmarekani, jina lake halisi William Robinson. Bunduki zake zilikuwa na mrija wa pili chini ya mtutu, na baruti iliwaka katika mrija huo tu. Kwa miaka mingi ya matumizi chuma kililika, baruti ikapenya katika mtutu wenye risasi. Tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green, London, risasi ilitoka kweli na kumpiga kifuani. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo watazamaji walipomsikia kwa mara ya kwanza akisema Kiingereza. Alifariki siku iliyofuata.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Januari 1921, P. T. Selbit alimkata mwanamke kwa msumeno ndani ya sanduku mbele ya umma katika ukumbi wa Finsbury Park, London. Ili kuwavuta wateja, aliwaagiza watumishi wake wamwage ndoo za maji mekundu katika mfereji nje ya ukumbi. Kila mtu alijua kwamba hakuna aliyeuawa, na kila mtu alikata tiketi.

Mkataba huo kati ya mchezaji na mtazamaji huonekana vizuri zaidi unapovunjika kwa bahati mbaya. Mwezi Aprili mwaka 1956, P. C. Sorcar wa India alimkata msichana kwa msumeno wa umeme katika kipindi cha Panorama cha televisheni ya BBC. Mara baada ya msumeno kupita, mtangazaji alijitokeza akaaga, kipindi kikaisha. Simu zikaanza kumiminika: watazamaji waliamini kwamba msichana amekufa. Alikuwa mzima, lakini sehemu ya mwisho, ile ya kumwonyesha akisimama, haikuonekana. Bila sehemu hiyo, mchezo ulikuwa mauaji.

KITAMBAA GIZANI

Katika miaka hiyohiyo ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mamilioni ya wazazi walikuwa wakiomboleza watoto wao. Walitokea watu waliojidai kuzungumza na wafu katika vyumba vyenye giza. Vifaa vyao vilikuwa vichache: meza nyepesi, kengele, tarumbeta ya bati, na kitambaa laini sana kilichokunjwa na kufichwa mwilini ili kitolewe kama mwili wa roho.

Aliyewaandama kwa bidii zaidi alikuwa Harry Houdini. Alizaliwa Budapest mwaka 1874 kwa jina Erik Weisz, akakulia Marekani, na jina lake la jukwaani alilichukua kutoka kwa Robert-Houdin. Ulimwengu ulimjua kwa pingu, minyororo na sanduku la maji ambamo alining'inizwa kichwa chini. Lakini alikuwa pia mtoto aliyempenda mno mama yake, ambaye alifariki mwaka 1913.

Mwaka 1922 rafiki yake, mwandishi Sir Arthur Conan Doyle, alimkaribisha katika kikao ambapo mkewe, Lady Doyle, aliandika kurasa kadhaa za ujumbe uliodaiwa kutoka kwa mama huyo. Ujumbe ulianza kwa alama ya msalaba na uliandikwa kwa Kiingereza. Mama yake Houdini alikuwa Myahudi, mke wa rabi, na hakuandika Kiingereza. Urafiki wao haukupona. Tangu hapo Houdini alizunguka Marekani akiwaonyesha watu jukwaani jinsi kengele inavyolia gizani, na mwaka 1926 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge mjini Washington akitaka wapiga ramli wa mji huo wadhibitiwe. Alifariki Oktoba mwaka huo.

Huko Uingereza, sheria ileile ya kujidai uchawi iliendelea kutumika. Mwaka 1944 ilitumika kumfunga Helen Duncan, mwanamke ambaye roho zake zilikuwa vipande vya kitambaa. Ilifutwa mwaka 1951.

NAZI INAYOWAKA, NA MACHO MEKUNDU

Fikra ya sheria hiyo ilikwisha kuvuka bahari. Sheria ya uchawi iliyotungwa nchini Kenya mwaka 1925, wakati wa ukoloni, ililifanya kuwa kosa jambo la kujidai kuwa na nguvu zisizo za kawaida kwa lengo la kuwatia watu hofu au kuwadhuru. Iliweka pia adhabu kwa anayemsingizia mwenzake uchawi. Tanganyika nayo ilipata sheria yake ya namna hiyo.

Lakini sheria peke yake haifungui mkoba wa tapeli. Kazi hiyo India iliifanya kwa namna nyingine. B. Premanand, aliyefariki mwaka 2009, alizunguka vijijini akifanya miujiza yote inayofanywa na wanaojiita watakatifu, kisha akieleza kila mmoja. Majivu matakatifu yatokayo hewani ni kidonge cha majivu kilichofichwa kati ya vidole na kusagwa. Nazi inayowaka moto kwa kunyunyiziwa maji imefichwa kipande cha sodiamu katika makumbi yake.

Mwenzake katika harakati hizo, Dakta Narendra Dabholkar, alipigania kwa miaka mingi sheria dhidi ya utapeli huo katika jimbo la Maharashtra. Tarehe 20 Agosti 2013 aliuawa kwa risasi mjini Pune alipokuwa katika matembezi ya asubuhi. Siku chache baadaye serikali ya jimbo ilitoa amri, na mwezi Desemba sheria ikapitishwa. Miongoni mwa inayoyakataza ni kuonyesha kinachoitwa miujiza ili kujipatia fedha kwa udanganyifu. Mwaka 2024 mahakama ya Pune iliwahukumu watu wawili kifungo cha maisha kwa mauaji yake.

Afrika Mashariki inalijua vizuri deni la aina hiyo. Katika mikoa ya kanda ya ziwa nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wameshambuliwa na kukatwa viungo kwa sababu kuna walioaminishwa kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwezi Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, na mwezi Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya ukatili unaotokana na shutuma za uchawi.

Aghalabu shutuma kama hizo huanza katika chumba kidogo cha mpiga ramli, ambako kibuyu hutikiswa, kitu huonekana kutolewa mwilini au kufukuliwa uani, na jina la jirani hutajwa. Mtu aliyewahi kuonyeshwa kipira cha nne, kile kilichofichwa kiganjani, angalau ana swali la kuuliza kabla ya kuliamini jina hilo. Ndiyo maana mgeni yule wa shuleni mwenye begi na utepe wake alikuwa akifanya kazi kubwa kuliko alivyolipwa. Aliwafundisha watoto kwamba jicho la mtu mzima na mwenye akili timamu laweza kudanganywa mchana kweupe, kwa mikono mitupu, na pasipo shetani yeyote kuhusika.